Mkubwa na Mdogo Wagoma Kusalimiana

Asubuhi hiyo Zefania alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, Singida Mjini, amekumbatia kasha la bati analibembeleza kama mtoto mwenye homa. "Sema basi! Sema, nakuomba!" Kasha likampepesea taa moja ya kijani, likanyamaza. Lo! Mwanaume mzima wa miaka thelathini na minane.

Makasha yalikuwa mawili. Wataalamu huyaita rauta, na kazi yake ni kupitisha taarifa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Zefania aliyapata mwaka huo wa 2003, pale shirika alikokuwa karani lilipobinafsishwa, yeye akapunguzwa, na mwenye mali mpya akasema vyombo chakavu abebe anayetaka. Akabeba. Akatafuta na kitabu, akajiapiza kuwa fundi wa mitandao. Lile kubwa akalibandika plasta na kuliandika MKUBWA, dogo akaliandika MDOGO. Miezi mitatu sasa, MKUBWA na MDOGO hawajasemezana hata neno, na Zefania naye hajasemezana na mkewe.

Hapo ndipo palipouma. Evodia alikuwa akimsemesha mume anaambulia "mmh", na siku nyingine hata hiyo "mmh" haipati. Akachoka. Akampelekea baba yake ujumbe Manyoni: njoo unichukue, nimeolewa na mtu aliyeoa mabati. Mzee Mazengo akajibu kwamba atafika Alhamisi kwa basi la asubuhi, na Alhamisi ndiyo hiyo. Zefania, kwa akili zake, aliona dawa ni moja tu: mzee azikute rauta zinazungumza, aone mkwe ana kazi ya maana, amwachie mke wake.

"Hodi!"

"Karibu baba, shikamoo!" Zefania akaruka, waya umemzonga mguuni, nusura aanguke na meza.

"Marahaba. Haya, wako wapi hao wake wenza wa mwanangu?"

Zefania akamketisha mbele ya kompyuta, akamweleza: rauta moja inamwita mwenzake mara tano. Ikiitikiwa, kioo kinaandika alama ya mshangao. Isipoitikiwa, kinaandika nukta. Akabonyeza. Nukta. Nukta. Nukta. Nukta. Nukta.

"Huyu kanuna," mzee alisema. Akainama, akalitupia kasha ile salamu ya Kigogo kwa sauti ya mkutanoni: "Mbukwenyi!" Kimya. "Hata Kigogo hajui. Nani mkubwa hapa?"

"Huyu, baba. Nimempa kazi ya kuanza, ampigie mwenzake mapigo ya kufuata, kama mpiga ngoma. Mkubwa si ndiye kiongozi?"

Mzee akamkodolea macho. "Mkubwa aanze kumwamkia mdogo? Mkwe, umelelewa wapi wewe? Mdogo ndiye huanza!"

Zefania alitaka kucheka, mara akakumbuka kitabu. Akaifuata kwa vidole ile kebo iliyounganisha rauta zake. Kitabu kilikuwa kimesema wazi: kebo ina kichwa kimoja cha kutoa mapigo, kimeandikwa herufi za kukitambulisha, na rauta iliyochomekwa kichwa hicho ndiyo iamriwe kuanza. Yeye hakutazama herufi, alitazama umbo. Na herufi zilikuwa upande wa MDOGO! Miezi mitatu, jamani, kwa kuheshimu unene wa bati!

Akaandika amri upande wa MDOGO, akabonyeza. Alama tano za mshangao zikajipanga kwenye kioo.

"Zimeitikiana! Baba, zimeitikiana!" Akarukaruka, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Kisha akarudi mbio kwenye kompyuta, maana sasa alitaka MKUBWA naye amwite MDOGO.

Evodia akatokea mlangoni, mkoba begani. "Zefania, mimi nakwenda. Utakula nini?"

Zefania alikuwa anabonyeza.

"Nukta," alisema Mzee Mazengo.

"Zefania, funguo nakuachia mezani."

"Nukta ya pili."

"Zefania!"

"Ya tatu. Mwanangu, hili ni bovu, twende tukawahi basi la saa nane."

Vidole vya Zefania vikasimama. Akageuka, akaona mkoba, akaona kanga za safari, hofu ikamvuruga kichwa. "Abee!" akaitika.

Evodia akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko hadi mkoba ukamteleza begani. "Mwanaume mzima unaitika abee?"

"Naam! Abee! Yoyote, mke wangu, ila nimeitika! Nimekukosea sana, Evodia. Usiende."

Kicheko cha Evodia kikaisha, macho yakabaki na maji. Mzee akakohoa. "Sasa mimi basi nalipanda peke yangu?"

"Utakula kwanza, baba," Evodia alisema. "Zefania!"

"Naam!"

"Zima hayo mabati, uje unimenyee vitunguu."

Zefania akachomoa waya ukutani, akamfuata jikoni.