Chuma Tulichokiinamia

Mkono wa wifi yangu haukuzikwa. Hospitalini walituambia mambo hayo wanayashughulikia wenyewe, na mimi, ambaye kwa kawaida mdomo wangu hauna breki, siku hiyo sikuuliza wanayashughulikia vipi. Labda ningeuliza, mkono ule usingenifuata kazini.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofulia mahospitali na mahoteli, na kazi yetu ilikuwa mashuka. Yeye anashika pembe zake, mimi zangu, tunaliingiza shuka kwenye pasi kubwa ya umeme. Roli mbili za moto zinalimeza upande huu na kulitoa upande wa pili limenyooka, kisha tunalikunja. Kelele za pale haziruhusu mazungumzo, kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu: aliye tayari analivuta shuka mara mbili, mwenzake anajua. Wifi alikuwa akivuta mara ya kwanza kwa adabu, ya pili kama anakutukana.

Mbele ya roli kuna chuma chembamba cha usalama. Mkono ukikigusa, mashine inasimama hapo hapo. Shida ni kwamba ilisimama hata ukikigusa kwa kiwiko, na msimamizi wetu hakupenda mashine inayosimama. Tulimwita Chapchap, maana ndilo neno alilolijua. Akaamuru kile chuma kiinuliwe, kifungwe juu kwa kitambaa cha shuka lililochanika. Kikawa kinaning'inia usawa wa paji la uso. Siku za mwanzo kila mtu pale alitembea na nundu, hata Chapchap mwenyewe, alipokuja kutufokea. Tulicheka, tukajifunza kuinama. Unaingiza shuka, unainama, unainuka.

Siku roli zilipomvuta wifi, hapakuwa na cha kuzisimamisha. Ulienda mkono wa kulia, hadi juu ya kiwiko. Gari la wagonjwa lilikuwa halijatoka getini, Chapchap alishafungua kitambaa na chuma kimerudi mahali pake, kinameremeta, kimejitia hamnazo. Akasema wifi alizembea, na kiwanda hakimtibu mtu aliyejiumiza kwa uzembe wake. Kidonda kilikuwa hakijafunga, daktari anasema lazima apasuliwe tena, na sisi bila kiwanda tusingeweza hata kununua bandeji.

Nilirudi kazini, maana msiba au si msiba, watu nyumbani wanakula. Waliniweka kwenye meza ya kukunjia, peke yangu, ncha za upande wa pili nikizitundika kwenye kulabu mbili ukutani. Nilipokunjua shuka la kwanza, likavutwa. Mara ya kwanza kwa adabu, ya pili kama natukanwa.

Nikaangalia kulabu. Zilikuwa kulabu tu, na nyuma yake ukuta. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata.

Nyumbani sikusema kitu. Lakini jioni moja, nikiwa namwosha, wifi akaniuliza, "Leo mlikuwa na yale mablanketi mazito?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ule mkono tu, umechoka." Akapatazama mahali ulipokuwa. "Usinicheke, wifi. Naona kama bado haujatoka kazini."

Nicheke nini? Niliogopa hadi maji nikamwaga nje ya beseni.

Mkaguzi wa kazi alikuja asubuhi moja kuichunguza ile ajali, mama mmoja mwenye viatu vya mpira na sura ya mtu asiyetaniwa. Kabla hajaingia, Chapchap alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye ulikuwa naye. Utasema aliingiza mkono mwenyewe. La sivyo, nyumba moja mtakaa wawili bila kazi. Fikiria chapchap."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa na hasira ya kumtemea mate, lakini mate yenyewe yalikuwa yamekauka.

Mkaguzi aliwasha mashine, akakigusa kile chuma kwa fimbo. Ikasimama. Akawasha tena, akagusa tena. Ikasimama.

"Mashine ni nzima," akasema. Chapchap akatabasamu hadi magego yakaonekana. Akilini nilimwona wifi kitandani na kile kidonda, na hakuna wa kukitibu.

"Haya, fanyeni kazi kama siku zote," mkaguzi akasema. "Niwaone."

Mama Pacha, mkubwa wetu pale, na mwenzake wakaingiza shuka. Wakainama. Wakainuka. Wakaja wawili wengine, wakaingiza, wakainama, wakainuka. Wawili wengine tena. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, na nikawaona vizuri kwa mara ya kwanza: foleni ya wanawake wazima, mmoja baada ya mwingine, wakiinama chini ya kitu ambacho hakipo. Hakuna aliyewaambia, wala hawakujua kama wanafanya.

"Mnainamia nini?" mkaguzi akauliza.

Mama Pacha akaganda katikati ya kuinama. Mkono wake ukapanda taratibu hadi kwenye paji la uso.

Chapchap akacheka. "Ushirikina tu, mheshimiwa. Tangu ile ajali wanadai humu kuna mzimu. Wanaupa heshima yake."

Huyu mtu! Mkono kaukata, na bado anautuma umtetee. Nilikuwa nimeshika shuka. Likavutwa, mara mbili. Tayari.

Nikapiga moyo konde. "Tunainamia chuma, mama. Hicho hapo ulichokigusa kwa fimbo. Kilifungwa huku juu kwa amri ya huyu, na siku wifi yangu alipokatika mkono kilikuwa huku juu."

"Mwongo!" Chapchap akafoka. "Njoo, mheshimiwa, uone kwa macho yako. Huku juu kuna nini? Hakuna kitu!"

Akaenda mbio hadi mbele ya roli kumwonyesha. Na alipofika, akainama.

Hakuna aliyecheka. Alibaki ameinama vile vile, ameshajua alichofanya, hathubutu kuinuka.

Mkaguzi akazima mashine kwa mkono wake. "Aliyeumia kazini anatibiwa na mwajiri, mpaka apone," akamwambia. "Na huyu aliyesema, nisisikie amefukuzwa."

Jioni nilimkuta wifi amelala fofofo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajali. Alipoamka akasema, "Leo ule mkono umetulia. Siusikii kabisa."

"Umetoka kazini," nikamwambia. Tukacheka, na kaka yangu mlangoni akatuona wendawazimu.

Kesho yake nilikunjua shuka la kwanza, nikasubiri. Halikuvutwa. Nikalivuta mimi, kwa adabu, halafu kama namtukana mtu. Kulabu zikalia kidogo ukutani, basi. Nikakaa chini katikati ya yale mashuka safi, nikalia kwa sauti, kwa sababu hapo ndipo nilipofiwa na mkono wa wifi yangu.