Mtu wa Kumi

Kumbukumbu ya kifo cha rabi wake ilipokaribia, Mzee Anshel alikosa usingizi na hamu ya kula. Alimtuma mhudumu wake Spéciose dukani mara mbili kununua keki ya asali, maana ile ya kwanza aliiona imekauka. Kisha akamtaka ang'arishe vile vikombe kumi vidogo vya kinywaji, kimoja kimoja, mbele ya macho yake.

Spéciose alikuwa mwenyeji wa Uvira, sasa akiishi ughaibuni, kwenye maghorofa ya Dixon. Kwa miaka minne alipanda mabasi mawili kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kuja kumwogesha na kumlisha mzee huyu wa miaka tisini na moja. Alikwisha kuizoea kalenda iliyobandikwa kwenye friji, iliyojaa majina ya marabi wakubwa wa zamani na tarehe walizofariki. Kila tarehe ilipofika, mzee aliwasha mshumaa, akamkalisha Spéciose na kumsimulia habari za marehemu: huyu alivua viatu vyake kwenye theluji akampa msafiri, yule alilia kila aliposikia mtoto wa jirani akipigwa.

Rabi wa Zawirka, mji walikotoka akina Anshel, alikuwa habari nyingine. Huyo alimfundisha baba yake Anshel. Alifariki kabla ya vita vikuu vya dunia, na vita vilipokuja, watoto wake, wajukuu na mji mzima wakauawa. Hakubaki wa kumsomea kadishi, ile sala ya kuwakumbuka wafu, ila baba yake Anshel, na baada ya baba, Anshel mwenyewe. Miaka hamsini na minane alikuwa ameisoma bila kuruka hata mmoja. Lakini kadishi haisomwi na mtu peke yake. Lazima wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi.

Jumatano hiyo ya Desemba, kufika saa tisa alasiri, walikuwa wamekuja nyumbani kwa mzee wanane. Pamoja na mzee kwenye kiti chake cha magurudumu, tisa. Wa kumi alikuwa amelazwa hospitali tangu asubuhi. Bwana Pinkas, aliyekuwa akiongoza sala, alipiga simu huku na huku. Mmoja alikuwa safarini, wengine hawakupokea. Jua lingezama saa kumi na dakika arobaini, na likishazama, siku ya rabi imekwisha.

"Naftali si anakaa hapo chini?" Pinkas akauliza.

Naftali alikuwa mtoto pekee wa mzee, mtu wa miaka hamsini na tano, akiishi ghorofa mbili chini yao. Hawakuwa wamesemezana tangu kiangazi. Mzee akamwambia Spéciose, "Mpigie."

Naftali alikuja upesi kuliko walivyotarajia, na faili mkononi. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akaomba udhuru, akamwambia Spéciose amsukume baba yake chumbani. Akafunga mlango.

"Nitasimama nao, baba. Lakini kwanza weka sahihi hapa."

Ilikuwa fomu ya makao ya wazee. Mzee alikuwa na akili zake timamu, na bila sahihi yake hakuna aliyeweza kumhamisha.

"Baada ya sala," mzee akasema.

"Baada ya sala utasema umechoka. Nakujua."

"Ni rabi wa babu yako, Naftali."

"Amekufa karibu miaka tisini. Mimi niko hai, na mimi ndiye ninayeamshwa kila ukianguka bafuni."

"Mama yako angeona aibu."

"Mama hayupo. Jua linazama, baba."

Mzee alitazama dirishani. Mwanga ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za magari. Alinyoosha mkono, akapewa kalamu, akasaini polepole mno hadi Naftali akaanza kugonga meza kwa kidole.

"Na wewe hapa," Naftali akamwambia Spéciose. "Shahidi."

"Bwana Naftali, mimi sitaki kuingia mambo ya familia."

"Kazi yako hapa imekwisha, usaini usisaini. Ukisaini, nakuandikia barua nzuri. Usiposaini, nawaambia wakala wa kazi waliokuleta kwamba mwezi uliopita baba alianguka mkononi mwako."

Mzee alianguka Jumapili, Spéciose akiwa kanisani. Wote watatu walijua hivyo. Spéciose akamgeukia mzee, akingoja aseme neno. Mzee hakutoa macho dirishani. Spéciose akasaini, jina lake lote, kama alivyofundishwa na masista shuleni.

Sala ilisomwa. Naftali alisimama nyuma, kidole kikipanda na kushuka kwenye simu. Mzee alishika ukingo wa meza akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akasoma kadishi amekaa. Sauti ilimkatika mara mbili. Wazee wakaitikia amina kwa nguvu, kama wanaomsukuma mlimani.

"Umeona, Anshel?" Pinkas akasema huku akifuta machozi. "Mtoto amekuja mbio kwa ajili ya rabi wako."

"Amekuja," mzee akasema.

Naftali alikunywa kikombe chake kwa mkupuo mmoja, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akaondoka na faili.

Siku ya nane mzee alihamishiwa kwenye makao ya wazee ya Richmond Hill. Kalenda ya friji ilitupwa pamoja na magazeti. Huko mishumaa hairuhusiwi.

Jumapili moja baada ya ibada, Spéciose alikwenda kumtazama. Alimkuta ukumbini, amefungwa kitambaa cha kulia chakula shingoni, televisheni ikipiga kelele. Alipiga magoti kando ya kiti.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

Mzee alimgeukia. Hakuwa amesahau chochote.

"Una mwandiko mzuri kwenye ile fomu," akasema. "Sikujua. Miaka minne, sikujua."

"Mzee…"

"Nenda nyumbani, Spéciose."

Akageuza uso kwenye televisheni. Spéciose alisubiri hapo amepiga magoti mpaka mhudumu akaja na uji, akamwomba apishe. Jumatatu alianza kazi Malvern, kwa bibi mmoja aliyepooza. Waliompokea walimwambia kwamba hawajawahi kuona barua ya sifa nzuri kama ile ya Bwana Naftali.