Ulimi wa Samaki wa Garland

Verlene Stooksbury alitia kidole gumba kinywani mwa samaki wa shemeji yake kabla hata ya kumsalimia mwenye samaki.

"Toa mkono!" Garland alifoka. "Huyo si wako."

"Hata wewe si wangu, na nimekuvumilia miaka arobaini. Nyamaza nimpapase."

Waliokuwa dukani kwa Odell, wanakouziwa chambo na kahawa, waliacha kutafuna. Samaki alikuwa hai ndani ya tangi, kanenepa kama mtoto wa nguruwe, na mizani ilikuwa imeshasema: ratili nane na nusu. Juu ya friji la minyoo palining'inia ubao wa rekodi ya samaki aina ya besi wa mdomo mdogo, yule mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa ziwani. Uliandikwa: Hobart Stooksbury, ratili nane na robo. Hobart alikuwa mume wa Verlene, na sasa alikuwa mwaka wa sita kaburini. Jina lilikuwa limekaa pale miaka kumi na tisa, na mdogo wake Hobart, Garland, alikuwa amelitolea macho miaka yote hiyo.

Odell alikuwa keshapanda stuli na kalamu ya rangi mkononi.

"Shuka, Odell," Verlene alisema. "Ulimi wa huyu unakwaruza."

Pale dukani hakuna asiyejua maana yake. Ulimi wa mdomo-mdogo kwa kawaida ni laini. Unaokwaruza kama msasa, wenye kiraka cha vijino katikati, ni wa yule besi wa madoa, ambaye kwao ni jimbo la Alabama, si hapa.

"Kama unatafuta ulimi wa kukwaruza, shemeji, ungeanza na wako," Garland alisema. Wanaume wakacheka.

"Wangu umekunoa miaka yote na bado u butu. Hebu tazama ubavu. Michirizi ya kusimama ipo, haya, ya mdomo-mdogo. Na hivi vidoa vilivyopanga foleni kuelekea tumboni? Kavaa shati la baba na suruali ya jirani. Huyu ni chotara, na chotara haandikwi ubaoni."

"Rangi ya shaba! Macho mekundu! Taya halivuki jicho! Unataka nini tena, ukoo wake?"

"Hicho hicho."

Basi ikabidi kufuata sheria ya duka, iliyowekwa na baba yake Odell baada ya wapinzani wawili kuchomeana magati ya mashua. Mwenye samaki hukata mwenyewe kipande cha pezi, mbele ya watu, kisichozidi ukucha. Kipande hupelekwa maabara kwa bahasha, na samaki hurudishwa majini. Halafu, mpaka jibu lije, mwenye samaki na anayempinga hunywa kahawa meza moja kila asubuhi, ili asiwepo wa kumsema mwenzake pembeni.

Wiki tano nzima! Verlene alimwangalia Garland akimimina mchuzi mzito juu ya mkate kama anayesakafia nyumba. Garland alitemea tumbaku yake ya kutafuna kwenye kikombe kitupu, karibu kabisa na sahani ya Verlene. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake akimeza, akiombea apaliwe.

Asubuhi moja ya wiki ya nne Garland aliinama.

"Futa pingamizi, Verlene. Jibu likija vibaya, nitazitaja ndoo."

Verlene aliendelea kukoroga kahawa isiyo na sukari. Alizijua hizo ndoo. Miaka mitatu baada ya Hobart kuandikwa ubaoni, mdomo-mdogo walikuwa wagumu kushika ndoana wakati wa joto, naye Hobart alikuwa mtu wa kujionyesha kwa wageni. Akaenda Alabama kwa gari, akarudi na besi wa madoa, wale wanaouma hata kwenye joto la Agosti, akawamwaga ziwani alfajiri. Alidhani anaongeza samaki tu, na wala hakuwaza kwamba wataoana na wenyeji. Garland ndiye aliyeendesha gari. Na aliyekaa nyuma akitia barafu kwenye ndoo, samaki hao wageni wasife njiani, alikuwa Verlene.

Angeweza kufuta. Neno moja tu, na siri ibaki nyumbani. Lakini aliinua macho, akaliona jina la Hobart, akalifikiria la Garland juu yake.

"Kunywa kahawa yako, shemeji," alisema. "Inapoa kama akili yako."

Barua ilifika Jumanne. Odell aliisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya mstari: robo tatu mdomo-mdogo, robo madoa. Chotara.

Garland alisimama hata kiti kikaanguka. "Basi sikilizeni! Mnauliza kila mwaka nani alituharibia ziwa? Hobart! Alizimwaga ndoo sita mwenyewe, mimi dereva, na huyu bibi akiwabembeleza kwa barafu! Tangu hapo mdomo-mdogo safi wanazidi kupungua. Mtu atamshindaje Hobart, wakati kila nikivuta ndoana namtoa mjukuu wa ndoo zake?"

Duka zima likageuka. Hakuna aliyecheka. Mzee Lester, aliyekuwa akiongoza wavuvi wageni mpaka walipoacha kuja, aliweka uma chini.

"Ni kweli, Verlene?"

"Kweli," alisema. "Na barafu ilikuwa ya kwangu."

Lester alitema tumbaku sakafuni, inchi moja kutoka kiatu cha Verlene.

Odell alikuwa amesimama chini ya ubao, kitambaa mkononi, hajui aangalie wapi. "Nilifute jina, mama, au libaki?"

Verlene alivaa koti, kifungo kimoja baada ya kingine, wote wakimtazama kwa macho ambayo yasingemkaribisha tena.

"Libaki," alisema. "Wa kwake alivuliwa kabla ya ndoo, alikuwa safi. Kama kuna mwenye samaki safi mkubwa zaidi, amlete nimpapase ulimi."

Akatoka. Hakuna aliyemshikia mlango.