Safu ya Juu

Kazini walimwita Siafu, kwa sababu kukaa kitako kulimshinda. Akiwa na jambo kichwani, kiti humgeukia misumari: atasimama, atafunga dirisha, atalifungua, atapanga kalamu kwa urefu wake, kisha atazitawanya azipange tena. Na siku hiyo jambo alikuwa nalo. Saa sita mchana kamati ingekutana kusaini karatasi moja. Wakisaini tu, gari lililokuwa uani, limefunikwa turubai la bluu, lingeondoka kupeleka umeme wa jua kwenye zahanati anakofanya kazi dada yake mkubwa. Paneli sita, betri nne, nyaya, na kisanduku alichokibuni mwenyewe, chenye akili ya kuchagua kipi kizimwe kwanza umeme unapopungua.

Dada yake ni mkunga. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapiga simu kabla hata chai haijachemka.

"Mdogo wangu, gari linatoka saa ngapi?"

"Wakishasaini, dada."

"Basi waambie wasaini haraka. Juzi nimezalisha huku simu nimeibana kwa meno, tochi inamulika, mate yananichuruzika. Mtoto katoka mzima, lakini mama yake kaniuliza kama nina kifafa."

Siafu alicheka, ila kicheko chenyewe kiliishia midomoni. Chai ilimshinda, mkate aliuchambua makombo. Kwa kawaida hufika maabara saa tatu, baada ya kumfikisha mwanawe shule. Siku hiyo kazi hiyo alimwachia mumewe, na ilipotimu saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshaingia langoni.

Kwanza alisikia mtu akiimba nyuma ya jengo. Alikuwa Babu Funguo, mzee mwembamba anayefungua na kufunga milango yote ya pale. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao, ndoo ya maji imening'inia kwenye msumari, kipande cha fulana kuukuu mkononi, akipangusa paneli sita za safu ya chini polepole, pembe kwa pembe, kama anayemwogesha mjukuu.

"Babu! Unafanya nini huko juu?"

"Marahaba, mwanangu, hata kama hujaniamkia."

"Shikamoo. Unafanya nini?"

"Nasafisha hivi vioo vyako. Vumbi la barabara hii halina adabu hata kidogo."

"Umeanza lini?"

"Tangu mlipoviweka. Kila siku ya kazi, kabla hamjafika. Kwani wewe ulidhani vinang'aa vyenyewe?"

Siafu aliitazama ndoo, kisha vioo.

Utafiti wake wote ulikuwa juu ya vumbi. Huko zahanati kiangazi ni kirefu, maji ya kumwaga juu ya bati hakuna, na mtu wa kupanda kila siku kuosha paneli hakuna pia. Kwa hiyo alitaka kujua: paneli zikiachwa bila kuguswa, vumbi litakula umeme kiasi gani? Miezi minane mashine ilikuwa ikiandika namba, na miezi minane namba za safu ya chini zilikuwa nzuri, zimetulia kama maji mtungini. Akaandika kwenye ripoti kwamba vumbi ni jambo dogo. Paneli sita zingetosha kuwasha taa ya chumba cha kuzalia, mashine ya kunyonya ute wa vichanga, na friji ya chanjo, mwaka mzima. Profesa, mkuu wake, alimpa mkono mbele ya watu.

"Lakini, babu, niliweka tangazo! Niliandika usiguse!"

"Uliandika usiguse nyaya. Nyaya sijazigusa hata kwa bahati mbaya. Njoo usome."

Alisoma. Mwandiko ni wake, tena kwa wino mwekundu.

"Na zile mbili za juu?"

Babu Funguo alitazama chini kwa haya. "Zile zinanisuta, mwanangu. Ngazi imekatika vidato viwili, mkono haufiki. Kila nikiziona naona aibu, kama nimemtoa mtoto nje na makamasi yake."

Hapo ndipo joto lilipompanda Siafu mpaka masikioni. Safu ya juu ilikuwa na paneli mbili tu. Kuanzia mwezi wa pili wa utafiti zilikuwa zikitoa umeme pungufu, kila mwezi pungufu zaidi. Yeye alikagua nyaya zake kule chini zinakoingia ukutani, akabadilisha fyuzi, akakasirika, kisha akaandika "mbovu tangu kiwandani" na kuziondoa kwenye hesabu. Kupitisha kidole juu ya kioo, hilo halikumjia. Dirishani kwake zilionekana kingo tu, na macho yake yalikuwa kwenye namba.

Lakini dhana haitoshi, ilibidi apime, na jua lilikuwa bado changa. Kwa zaidi ya saa tatu alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alilizunguka gari. Alikaza kamba ya turubai iliyokuwa imekazwa tayari. Dereva, aliyekuwa akipiga mswaki, akamwambia, "Dada, gari haliibiwi likiwa na mimi ndani." Akaenda maabara, akarudi. Moyoni sauti moja ilimwambia anyamaze: nani anajua? Babu mwenyewe hajui alichofanya. Taa ziende zikawake, dada apumzishe meno yake, mengine yatajulikana mbele. Sauti nyingine ilimhesabia miezi. Mwezi wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tano, kiangazi kikali, kisanduku kitaanza kuzima kimoja kimoja, na siku moja mashine ya ute itanyamaza kichanga kikiwa mezani.

Saa nne na nusu aliazima ngazi ya chuma kwa wapaka rangi wa jengo la pili. Alipanda. Vumbi la safu ya juu lilikuwa limeganda, rangi ya mkate uliochomwa, na ndege nao walikuwa wameacha zao. Kila paneli ilikuwa ikitoa wati mia na themanini. Alichukua kitambaa cha Babu Funguo, akasafisha moja, nyingine akaiacha ilivyo. Akashuka kutazama kipimo. Iliyosafishwa: mia tatu. Mwenzake: mia na themanini, palepale.

"Si nilisema?" akasema Babu Funguo. "Halina adabu." Kisha akamtazama usoni, tabasamu likafutika. "Kwani nimekuharibia?"

"Hapana, babu. Mimi ndiye niliyekuwa na paneli mbili zinasema kweli, nikaziita mbovu."

Alimpigia dada yake kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Alimweleza yote, neno kwa neno. Upande wa pili ulisikika mlio wa beseni.

"Nitapanda mwenyewe," akasema dada. "Nipe kitambaa nipanguse kila asubuhi."

"Na siku una wazazi watatu? Na siku una homa? Mtambo ukisimama kwa mgongo wa mtu mmoja, dada, siku akiugua nao unaugua. Hapa tulikuwa hivyohivyo na hatukujua."

"Kwa hiyo unanirudisha kwenye simu na meno."

"Sijasema hivyo."

"Basi sema unachosema, maana mimi nina mtu hapa anasukuma." Simu ikakatika.

Siafu alichukua karatasi na kupiga hesabu upya, safari hii kwa namba za safu ya juu alizozikata kwa kalamu miezi yote ile. Kwa mzigo mzima zilihitajika paneli kumi. Alirudia mara tatu, ikaja kumi mara tatu. Kisha akageuza swali: sita zilizochakaa kwa vumbi zinabeba nini bila kuchoka? Zilibeba taa ya kuzalia na mashine ya ute. Friji ndiyo haikupita. Ingebaki na gesi yake kama zamani, mpaka paneli nne nyingine zipatikane.

Saa sita kamili aliingia kikaoni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaueleza ukweli kwa kusimama, maana kukaa asingeweza. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba friji ndiyo iliyotangazwa, na wapiga picha wameshaalikwa.

"Wapige picha ya taa," akasema Siafu.

Profesa alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Miezi minane," akasema. "Na nilikusifu."

"Ulinisifu, Profesa. Sifa hizo mpe babu, paneli zilikuwa safi kwelikweli."

Watu wakacheka bila kutaka. Profesa hakucheka, lakini alivuta fomu, akakata mstari wa friji, akasaini. Ripoti aliirudisha mezani, iandikwe yote upya. Saa tisa gari liliondoka.

Siku ya nne dada alipiga simu mchana, madirisha ya chumba cha kuzalia yakiwa yamefungwa pazia ili taa ijaribiwe.

"Imewaka," akasema. "Kali hiyo. Nimegundua ukuta wangu haujapakwa rangi tangu nimeajiriwa. Friji lini?"

"Bado, dada."

"Usinizoeshe hiyo bado," akasema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Nitakupigia kila Jumatatu mpaka uchoke."

Siafu aliweka simu, akasimama, akafungua dirisha. Kule nje Babu Funguo alikuwa amesimama chini ya paneli, mikono ameifunga nyuma, mmoja umeushika mwingine. Tangazo jipya lilisema: usiguse nyaya, usiguse kioo, usipanguse, usimwagie maji.

"Mpaka lini, mwanangu?" akauliza. "Naumia."

"Mpaka mvua, babu."

"Mvua yenyewe iko wapi?"

Siafu alitazama angani, kisha paneli, zilizokwisha kushika vumbi la siku nne, kisha saa yake. Akafunga dirisha na kutoka nje kwenda kusoma kipimo, kwa mara ya sita tangu asubuhi.