Kikohozi cha Foleni

Mtaani walimwita Injinia, ingawa hakuna aliyejua hasa anatengeneza nini. Alikuwa mwanamke kijana aliyeishi na shangazi yake, mwalimu wa michezo mstaafu, na ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya nyumba. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi. Hapo awali aliajiriwa na kampuni ya michezo ya kompyuta ya kulipua magari, akaacha kazi kwa sababu, alivyosema, dunia imeshalipuliwa vya kutosha. Yeye alitaka michezo midogo ya kwenye simu, ya kumtuliza mtu roho. Wa kwanza ulihusu kuanika nguo. Uliofuata ulikuwa wa kumsikiliza mtu anayekoroma. Halafu ukaja Foleni, ndio uliomletea makubwa.

Katika Foleni, mchezaji anasimama kwenye mstari wa watu ofisini. Anaweza kubadilisha mguu, kupiga miayo, au kumsemesha aliye mbele yake. Mstari unasogea taratibu mno. Akifika dirishani, dirisha linafungwa, na maandishi yanamwambia, "Asante kwa kuvumilia." Basi, umekwisha.

Shangazi ndiye aliyeujaribu kwanza, simu kaishika kwa mikono miwili kama usukani.

"Sasa hapa nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda, Shangazi. Ndiyo maana yake."

"Na anayeshindwa?"

"Naye hayupo."

Shangazi akamrudishia simu. "Mwanangu, kama hakuna anayeshindwa, huo si mchezo. Hicho ni kikao."

Injinia akautoa hivyo hivyo. Mwanzoni waliupakua watu wa kuhesabika. Mmoja wao aliandika kwamba sasa anapata usingizi bila dawa, na Injinia akaichukua kama sifa.

Kisha kinyozi mmoja, akisubiri wateja, akagundua jambo. Ukibadilisha mguu wakati uleule aliye mbele yako anapokohoa, unampita. Ilikuwa kasoro tu ya programu; Injinia hakuwahi kuiona. Kinyozi akajirekodi video akipiga kelele, "Jamani, nimekata foleni!" Video ikazunguka kila simu. Ghafla maelfu ya watu wakawa wanacheza, na hakuna hata mmoja aliyesubiri. Walitega masikio, wakivizia vikohozi.

"Nimetengeneza mchezo wa subira," Injinia alilalamika, "umekuwa shule ya kukata foleni!"

"Hebu nyamaza kidogo," Shangazi akamwambia, macho kwenye simu. "Kuna mzee hapa anataka kukohoa."

Injinia akajifungia stoo na kurekebisha kasoro. Katika toleo jipya watu walikohoa kwa amani na kila mtu akabaki mahali pake. Matusi yakaanza kumiminika kabla hata hajanywa chai. Shangazi hakumtukana, alimnunia tu mezani.

"Lakini Shangazi, ilikuwa kasoro!"

"Ndiyo iliyokuwa na raha."

Wachezaji wakahama kama walivyokuja. Injinia alivumilia ukimya huo kwa muda, halafu akairudisha kasoro kimyakimya, akijiambia kwamba anafanya utafiti.

Kinyozi, kwa furaha, akaandaa mashindano ya nani atawahi dirishani, kwenye ukumbi wa mtaa, na kumwalika Injinia awe mgeni rasmi. Alipofika na Shangazi, alikuta mstari mrefu mlangoni. Fundi cherehani alikuwa akimshikia nafasi mama aliyempeleka mwanawe kunywa maji. Watu wasiojuana walikuwa wakisimuliana vituko na kucheka, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Injinia alisimama akiwatazama, moyo umemlainika. Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Akageuka amwonyeshe Shangazi, lakini Shangazi alikuwa ameshapenya kwa mlango wa pembeni.

"Mimi ni mshiriki!" sauti yake ikasikika ndani.

Shangazi alitolewa nusu fainali na daktari wa meno, akagoma kumpa mkono. Kombe likachukuliwa na kinyozi. Kisha wakamwomba mgeni rasmi naye acheze. Injinia alicheza kama alivyokusudia: alipiga miayo, akamsalimia aliye mbele, akamuuliza habari za nyumbani. Wapinzani wote wakampita.

Mwandishi wa habari akasimama. "Wazo la kikohozi ulilipataje? Ni kejeli nzito kuhusu jamii yetu."

"Ni kosa," Injinia akajibu. "Nilisahau alama moja kwenye programu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Unyenyekevu ulioje!" mtu akapaza sauti.

"Jamani, nasema kweli!"

Wakasimama kabisa, wakapiga makofi zaidi.

Njiani kurudi, Shangazi alitembea na kinyongo chake cha daktari wa meno. Mwishowe akasema, "Siku nyingine usiwaambie watu ni kosa."

"Hata hawaamini."

"Basi usiwasumbue."

Injinia akacheka mpaka akaegemea ukuta wa nyumba ya watu.

Habari hiyo ilipotoka gazetini, chuo kimoja kilimwita akafundishe namna ya kubuni kasoro. Alikwenda. Akasimama mbele ya darasa lililojaa, na kwa kuwa ukweli ulikuwa umeshakataliwa hadharani, akakohoa kidogo kusafisha koo, akawaambia kwamba jambo hili halina kanuni yoyote. Wanafunzi wote wakainama kuandika.