Makofi ya Kuazima

Nimechoka na makofi. Miaka kumi na moja sasa nawatengenezea watu video za kujinadi, hawa wanaozunguka kumbi za Tampere na Helsinki kuhutubia makongamano, na kila mmoja anataka kilekile: dakika mbili, muziki wa kupandisha moyo, watu wanacheka, watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba sisi Wafini si watu wa kelele. Mtu akituambia jambo la maana, tunanyamaza. Likiwa la maana sana, tunatazama sakafu. Haya, hiyo utaiuza vipi?

Ndiyo maana nina akiba ya makofi kwenye kompyuta. Nimeyachota huku na kule, nayabandika panapohitajika, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Raili alinijia mwezi wa Novemba, viatu vimelowa theluji ya matope, mkononi ana mikate miwili ya iliki. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na nne, wodi ya wasiotarajiwa kupona. Hotuba alishatoa moja tu, katika maktaba ya Kangasala, na binti yake akairekodi. Sasa kongamano la wauguzi lilikuwa linatafuta mzungumzaji wa kuzunguka nalo mwaka mzima.

"Wakinichukua, naacha wodi," alisema. "Wasiponichukua, Jumatatu niko zamu. Na mgongo huu, mwanangu, umeshagoma kuinua watu."

"Watakuchukua," nikamwambia. Mdomo wangu huu!

Nikaitazama rekodi. Raili anasimulia juu ya mzee aliyemshika mkono akidhani ni mkewe, naye akaitikia jina la mke mpaka mwisho. Anamaliza, halafu kimya, sekunde arobaini nzima. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele kavua miwani na hairudishi. Nikasema hapa pamepoa, nikakata. Nikabandika ukumbi mwingine uliosimama ukishangilia, na mwanamke wa skafu nyekundu anayejifuta machozi.

Raili alipoiona alifikiri kidogo. "Mbona sikumbuki kama walipiga makofi?"

"Ulikuwa na woga. Mtu hasikii."

"Labda," akasema, na akatabasamu. Nilipaswa kumwambia palepale. Lakini nilikuwa hoi, na kulikuwa na video nne nyingine zinaningoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika wiki moja. Alipiga simu Marjut, mkuu wa waandaaji wa kongamano, tuliyemtumia video.

"Tuija, huyo mwenye skafu nyekundu ni mimi."

Nikaifungua video, nikaisogeza hadi kwenye skafu.

"Na nilikuwa nalia kwa kucheka, dada. Kwa yule mchekeshaji wa Turku. Skafu yenyewe ninayo hapa shingoni."

"Kosa ni langu. Raili hajui kitu."

"Nakuamini. Kamati ndiyo haikuamini. Wamesema anayeazima makofi ataazima na wagonjwa. Wamemchukua mwingine, ameshasaini."

Nikamtumia rekodi nzima hivyo hivyo. Baada ya nusu saa akajibu kwa maandishi: "Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Basi. Nilijichukia.

Raili alipokuja nilimweleza yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Kwa hiyo hawakupiga," akasema.

"Hawakupiga. Lakini tazama mwenyewe."

Nikamwekea zile sekunde arobaini. Alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyo aliyevua miwani," akasema taratibu, "ni mtoto wa yule mzee. Taa zilikuwa zinanipiga machoni, sikumwona. Sikujua kama alikuja."

Akaomba arudishiwe mwanzo. Nikarudisha mara tatu. Kisha akaniomba nimkatie kile kipande peke yake, bila muziki, akiweke kwenye simu yake.

"Nitakitazama wakati wa chai," akasema akifunga koti. Jumatatu aliingia zamu.