Kitanda cha Mkwe

Simu ililia Nasimiyu akiwa bombani, mikono ina povu mpaka viwiko. Aliibana kati ya sikio na bega, ndoo ikiendelea kujaa.

"Mama Natalie, niko Mai Mahiu nakunywa chai," Gathogo, mume wake, alisema, na nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma. "Ile safari ya Malaba imekufa. Saa saba niko kwa nyumba. Nipikie kitu cha maana, nimechoka na chapati za barabarani."

"Leo?"

"Kwani ulitaka nikuje Krismasi?"

Akacheka, akakata. Ndoo ilifurika, maji yakamwagika kwenye ndara zake, na Nasimiyu hakufunga bomba. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa nyumba yake, namba kumi na saba, na humo ndani mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akichambua maharagwe.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao Nasimiyu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawalali chini ya paa moja, wala mmoja haketi mahali mwenzake anapolala. Inakuwa hivyo mpaka siku wazee wakae, mbuzi achinjwe, wapeane blanketi na mkono. Siku hiyo ilikuwa imeahirishwa miaka sita. Kwanza baba alikufa. Halafu wajomba wa Kimilili wakawa watu wa kusema "mwezi ujao". Halafu ziwa likapanda hadi mtaa wa Mwariki, likaingia chumba cha mama yake, Mama Naliaka, mpaka usawa wa dirisha, na mama akajikuta analala sakafuni kwa kanisa pamoja na familia kumi na mbili.

Wiki tisa alilala hapo. Kila Jumapili Nasimiyu akienda kumwona alikuta kifua kimezidi. Mama akikohoa, watoto wa wengine walikuwa wanageuka kumtazama. Siku ile alipoona damu kidogo kwenye kitambaa, Nasimiyu alifanya alichofanya. Alimwambia mama kwamba Gathogo amehamia Malaba, amepanga nyumba huko, harudi mpaka Desemba. Akamwambia nyumba hii ya Bondeni sasa ni yake Nasimiyu peke yake, na kitanda fundi amekileta juzi, hakijalaliwa na mtu.

Kitanda kilikuwa na miaka mitano, na upande wa ukutani kulikuwa na bonde la mgongo wa Gathogo. Nasimiyu alilijaza kwa blanketi kuukuu na kutandika shuka juu.

Gathogo naye hakumwambia lolote. Angemwambia nini? Siku ya kupeleka mahari, Gathogo aliona tu mwanamke aliyefunikwa leso kichwa kizima akikimbizwa nyuma ya jikoni kama mgonjwa wa ndui. Tangu hapo alikuwa na neno moja: "Mama yako hanitaki kwa sababu mimi ni Mkikuyu." Nasimiyu akijaribu kumweleza, alisema hizo ni hadithi za kufunika dharau.

Alipiga simu. Haikushikwa. Alipiga tena, mara nne. Gathogo akiwa kwenye usukani hashiki simu, hilo alilijua, hata alikuwa akimsifu kwalo.

"Nasimiyu!" Alikuwa Sally wa namba kumi na tisa, anaanika nguo, sauti yake kama ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Nimesikia mzee anarudi leo! Leta Natalie alale kwangu, mpate nafasi kwa hicho kitanda chenu. Wiki mbili si mchezo!"

Wanawake wengine bombani wakacheka. Nasimiyu hakucheka, kwa sababu ndani ya namba kumi na saba sauti ya maharagwe kwenye ungo ilikuwa imenyamaza.

Alipoingia alimkuta mama amesimama katikati ya chumba, mbali na kitanda, kama mtu aliyeona nyoka kwenye shuka. Natalie, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa chini anaokota maharagwe yaliyomwagika.

"Kitanda ni cha nani?" mama aliuliza polepole.

"Mama, keti kwanza."

"Nikuulize mara ngapi? Kitanda ni cha nani?"

"Ni chetu."

"Chenu wewe na yeye."

"Ndiyo, mama."

Mama Naliaka alitazama ukutani. Aliinua shuka kwa ncha mbili za vidole, akaliona lile blanketi lililosokomezwa, akarudisha. Hakupaza sauti, na Nasimiyu alitamani angepaza.

"Siku nne," mama alisema. "Siku nne nimelala pahali pa mkwe wangu. Wewe ni mtoto nilizaa mimi?"

"Ulikuwa unatema damu! Ulitaka nifanye nini, nikungoje ufe kwa sakafu ya kanisa ndio niseme nilishika mila?"

"Kwa kanisa nilikuwa na aibu moja. Ya kukosa nyumba. Sasa umeniongezea." Alikuwa ameshatandaza leso yake sakafuni, anatupa ndani gauni, Biblia, dawa za kifua, kopo la mafuta. "Anafika saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi saa sita nimeondoka."

"Kukhu unaenda wapi?" Natalie alimuuliza bibi yake, akakalia kona ya leso.

"Toka hapo, mama yangu mdogo."

"Sitoki."

Mvua ilianza hapo hapo, ile ya Nakuru isiyobisha hodi, na wanawake wa bombani wakasikika wakikimbilia nguo zao. Mama akatazama mlango. Akakohoa, akainama, akashika meza, akakohoa tena mpaka kichwa chake kikawa karibu na magoti. Nasimiyu alitaka kumshika. Mama alimwonyesha mkono: kaa huko.

Saa sita ikapita mvua ikipiga. Saa sita na nusu mama alikuwa amekalia kigoda karibu na mlango, furushi mapajani, anangoja mvua ipunguze. Nasimiyu alipika ugali na mboga kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya ageukie mlango.

Saa saba kasoro alisikia breki za upepo. Lori moja tu lilikuwa linapumua vile.

"Mama, ni yeye."

Mama Naliaka aliinuka haraka kuliko kifua chake kilivyomruhusu, akapita nyuma ya pazia linalogawa chumba, na Nasimiyu akasikia leso ya pili ikikung'utwa: anajifunika kichwa. Yeye mwenyewe alitoka nje, akavuta mlango nyuma yake, akasimama kwenye mvua mgongo ukiwa umeegemea ubao.

Gathogo alikuja anaruka madimbwi, jaketi kichwani, tabasamu kubwa. Tabasamu liliisha hatua tatu mbele yake.

"Mbona uko nje?"

"Usiingie."

"Nini?"

"Baba Natalie, tafadhali. Usiingie."

Uso wake ulibadilika. Nasimiyu aliona wazo baya likipita usoni mwake, akasema haraka kabla halijakaa: "Mama yangu yuko ndani. Nilimleta Jumapili. Nilimwambia umehamia Malaba. Akikuona anaenda. Furushi amefunga, anarudi kulala chini."

Milango ya pembeni ilikuwa imefunguka kidogo kidogo. Sally alikuwa amejisahau kabisa, amesimama kizingitini na beseni.

"Kwa hivyo," Gathogo alisema, maji yakimtiririka puani, "kwa mlango wangu nasimamishwa kwa mvua kama mbwa. Kwa sababu mama yako akiona sura yangu atatapika."

"Hajawahi kuiona sura yako! Miaka sita! Unadhani anamkimbia nani mwingine? Kipyegon wa duka anamsalimu kwa mkono. Mwizi akija atamtazama machoni. Ni wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliyeoa mtoto wake. Hiyo si dharau, Gathogo. Hiyo ndiyo heshima yote aliyonayo. Hana ingine. Nyumba imechukuliwa na maji, mume alikufa, amebaki na hiyo."

Nasimiyu alimtazama kama alivyozoea kumtazama, anasoma taya. Taya likikaza, ataondoka siku mbili bila kusema. Taya lilikaza. Halafu kikohozi kikaanza ndani, kirefu, kinachokwaruza, kikaendelea mpaka Sally akaweka beseni chini.

"Ni yeye huyo?" Gathogo aliuliza.

"Ni yeye. Na hiyo imepungua."

Gathogo aligeuka. Nasimiyu alidhani anaenda. Lakini alirudi nyuma hatua mbili kuelekea mlango, kinyumenyume, mpaka mgongo wake ukawa karibu na dirisha, uso akiuelekeza kwenye mvua na majirani.

"Mathe," alimwita mama mkwe. "Nimegeuka. Sioni kitu. Nikiongea hivi ni makosa?"

Kisha sauti nyuma ya pazia, kavu: "Nasimiyu, mwambie anaweza kuongea. Lakini aongee na wewe."

"Anasema uongee na mimi."

"Nimesikia. Mwambie mimi kuanzia leo nalala kwa kebini ya lori. Lori linaegeshwa Rongai kwa tajiri mwenye lori, napajua kama kwangu. Yeye akae."

"Mwambie," mama alisema kabla Nasimiyu hajafungua mdomo, "sitamfukuza mtu kwake. Sakafu ya kanisa naijua."

"Mwambie kebini naijua zaidi. Miaka nane."

"Mwambie asijifanye kijana. Mgongo wa dereva ukiharibika mtoto wangu atakula nini?"

Sally alicheka, akajifunika mdomo. Gathogo naye midomo ilimtetemeka upande mmoja.

"Mwambie mgongo wangu ni mzima kuliko kifua chake. Na mwambie hao wajomba wa Kimilili nitawafuata mimi mwenyewe na lori. Nitawaleta wakiwa wamekaa juu ya magunia. Mbuzi nitakuwa naye kufikia mwisho wa mwezi. Mpaka siku hiyo sikanyagi hapa ndani. Akitaka kurudi kanisani, arudi kwa sababu nyingine, si kwa sababu yangu."

Nasimiyu alikuwa na mkono kwenye kitasa, na aliujua vizuri ugumu wa mama yake. Alikuwa amemwona akikataa chakula cha msaada mpaka wengine wote washibe. Mvua ilipungua, mtu angeweza kutembea sasa. Alingoja kusikia hatua zikija mlangoni.

Alichosikia ni kigoda kikisogezwa. Halafu Natalie akasema kwa sauti ya kulalamika, "Kukhu, unafungua furushi tena? Si nilikalia leso usiende!"

"Nasimiyu," mama aliita. "Mwambie kitanda sikukijua. Kosa si langu wala lake, ni lako, na tutaongea mimi na wewe. Nitalala na mtoto chini kwenye godoro." Akavuta pumzi. "Lakini siku nne kifua kimenipa nafasi ya kulala. Usingizi huo nilipata kwake."

"Nimwambie hivyo?"

"Ngoja."

Pazia lilisogea. Sauti ilipokuja tena ilikuwa karibu na dirisha, nyuma tu ya mgongo wa Gathogo, na haikupitia kwa mtu.

"Asante, mwanangu."

Gathogo hakugeuka. Alifuta uso kwa kiganja, mara mbili, ingawa mvua ilikuwa karibu imekwisha. "Sawa, mathe," alisema akitazama madimbwi. "Kunywa dawa."

Nasimiyu alimpelekea ugali kwenye lori. Walikaa kebini vioo vikiwa na mvuke, na Gathogo alikula mpaka nusu ya sahani.

"Hata mimi ungeniambia," alisema.

"Ungekubali?"

Alifikiria, akitafuna. "Sijui. Nilikuwa nimeshakasirika miaka sita, mtu anazoea."

Nasimiyu alitaka kumwambia asante, neno lile lile ambalo mama alikuwa ameweza. Badala yake alichukua mguu wa Gathogo wenye soksi iliyolowa, akauweka mapajani, akaanza kuivua.

"Hiyo ugali haina chumvi," Gathogo alisema.

"Ugali gani unawekwa chumvi?"

"Mboga, basi."

"Kula."

Akala yote.